Ukuta Ndani ya Mgodi wa Meokgol

Moshi uliotoka kwenye tundu la juu la mgodi asubuhi ile haukuwa mweupe kama wa siku zote. Okbun aliuona akiwa bombani, amechuchumaa na beseni la kabichi mbele yake, na wala hakushtuka, maana katika bonde la Meokgol kila kitu kilitoa moshi: majiko, treni, hata milima yenyewe. Aliyeshtuka ni Mama Pilgu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Alisimama na ndoo mkononi, maji yakimwagikia miguuni.

"Ule si moshi wa baruti," alisema.

"Ni wa nini basi?"

"Sijui. Lakini wa baruti si mweusi vile."

King'ora kikaanza kulia. Wanawake wote waliokuwa bombani wakaacha vyombo vyao pale pale na kupandisha kilima mbio, wengine pekupeku juu ya barafu nyembamba ya mwanzo wa majira ya baridi.

Meokgol ilikuwa bonde la viazi tu kabla ya reli kufika. Reli ilipokuja, wakaja na watu: wakulima waliokosa mashamba, wanajeshi waliomaliza utumishi na kukosa pa kwenda, na wengine wenye mambo yao makwao ambayo hakuna aliyewauliza. Kampuni iliwajengea nyumba za safu, kila familia chumba kimoja na jiko, na choo kimoja kwa safu nzima. Wenyewe walikuwa wakitaniana kwamba ukimkuta mtu Meokgol, ujue huko kwingine kote alishafukuzwa. Okbun na mumewe Deoksu walikuja baada ya shamba la mpunga la ukoo kuuzwa. Walikuja na mama yake Deoksu, na Mansik, mdogo wake Deoksu, aliyepata kitanda katika bweni la wachimbaji. Walisema watakaa mpaka binti yao Sunim aanze shule. Sasa Sunim alikuwa darasa la tatu, na hakuna aliyezungumzia tena habari ya kuondoka.

Mlangoni mwa mgodi wanawake walisimama upande wa pili wa reli, kama desturi ilivyotaka. Mwanamke kuvuka reli ile ulikuwa mkosi, na hata siku ile hakuna aliyethubutu. Wanaume walikuwa wakitoka mmoja mmoja, weusi tititi, wakikohoa, na kila aliyetoka aliitwa kwa sauti na mke au mama. Mansik alitoka. Aligeuka akautazama mlango, kisha akawatazama waliokwisha kutoka, na Okbun alipoona jinsi alivyokuwa akitazama alijua kwamba Deoksu hajatoka.

Moto ulikuwa umeshika nguzo za mbao katika handaki kuu. Waliokuwa upande wa huku wa moto walipona. Upande wa ndani walibaki watu tisa.

Kikosi cha uokoaji kiliingia mara moja, kikiongozwa na mume wa Mama Pilgu, mtu mfupi mwenye kifua kipana aliyeitwa na wote Baba Pilgu. Mansik hakuwa mtu wa kikosi, lakini alivaa barakoa ya mtu mwingine akaingia nao. Walitoka mikono mitupu. Wakaingia tena. Siku ya pili waliingia sita, na wawili kati yao wakatolewa wakiburutwa kwapani, nyuso zimekuwa nyekundu kama watu waliolewa, maana ndivyo hewa ile ya sumu inavyomfanya mtu kabla ya kumuua. Wale wawili walipona, lakini mmoja wao hakuweza tena kukumbuka majina ya watoto wake.

Jioni ile meneja wa mgodi, Bwana Namgung, alianza kupita nyumba kwa nyumba. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu zaidi. Macho yake yalikuwa mekundu, na suti yake ilikuwa na matope mpaka magotini. Alivua viatu, akaingia, akapiga magoti juu ya sakafu ya nyumba ya Okbun.

"Mama Sunim," alisema, "moto unakula nguzo zinazoshikilia mlima. Ukifika chini kwenye gesi, mgodi wote utalipuka. Dawa ni moja. Tujenge ukuta pale njia panda ya mahandaki, tuunyime hewa."

"Moto ukinyimwa hewa," Okbun aliuliza, "na waliomo watavuta nini?"

Meneja aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa sakafu. 

Ikajulikana basi kwamba wachimbaji wenyewe walikuwa wamekataa kuweka hata tofali moja mpaka nyumba zote tisa zikubali. Nyumba ya kwanza ilikubali usiku uleule. Ilikuwa ya mzee mmoja ambaye mwanawe alikuwa ndani, na watu walisema alijibu kabla meneja hajamaliza sentensi, kama anayetaka kutema kitu kichungu. Nyingine zikafuata. Asubuhi ya siku ya tatu ikawa imebaki nyumba ya Okbun peke yake.

Mama mkwe wake alikuwa ameketi kwenye kona akimenya vitunguu saumu. Alikuwa akivimenya tangu siku ya moto, bila mtu kumwomba, na sasa kulikuwa na mabakuli matatu yaliyojaa ambayo hakuna aliyejua yatafanyiwa nini.

"Waambie wazibe," alisema bila kuinua macho.

Okbun alifikiri amesikia vibaya. "Mama, aliyemo ndani ni mwanao."

"Najua aliyemo. Nilimzaa mimi." Kisu kiliendelea kumenya. "Na yule anayevaa barakoa kule nje naye nilimzaa. Mmoja yuko kwenye moto, wa pili anaufuata. Mama Sunim, mimi sina wa tatu."

"Deoksu yuko hai."

"Umejuaje?"

"Na wewe umejuaje kama hayuko?"

Bibi kizee aliweka kisu chini. Harufu ya vitunguu mikononi mwake ilijaa chumba kizima. "Sijui," alisema. "Ndiyo maana nasema sasa. Nikishajua sitaweza kusema."

Okbun alitoka nje kwa sababu alihisi kwamba akibaki atamsukuma mama wa watu ukutani. Alikwenda bombani, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kwenda. Beseni lake la kabichi lilikuwa bado pale, limeganda barafu. Wanawake waliokuwepo wakanyamaza, isipokuwa mmoja aliyesema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Wengine wanadhani ni wao tu wenye waume."

"Funga mdomo," Mama Pilgu alimwambia. Kisha akamshika Okbun mkono, akamvuta kando nyuma ya rundo la makaa, na huko akapiga magoti juu ya theluji chafu.

"Inuka, Mama Pilgu. Unafanya nini?"

"Siinuki. Tumekula chungu kimoja mimi na wewe. Mumeo alimbeba mwanangu Pilgu mgongoni mpaka hospitali, sijasahau. Nikilala namwona, nikiamka namwona. Lakini mume wangu tangu jana anatema damu, halafu anafuta mdomo anavaa barakoa. Namwambia usiende, ananiambia nyumba ya Deoksu bado haijasema. Kila ukisema hapana, yeye anaingia." Alikuwa akilia bila sauti, pua ikimtiririka, na hakujifuta. "Sisemi mumeo afe. Siwezi kulisema hilo. Nasema wangu arudi."

 Okbun alimwinua kwa nguvu, akampangusa theluji magotini, akaanza kupanda kilima.

Alipofika relini hakusimama. Alivuka. Mlinzi kijana alipaza sauti, "Mama, rudi, mwanamke havuki hapo," na mzee mmoja aliyekuwa akipanga matofali kwenye kitoroli akamjibu, "Mwache apite. Mkosi gani umebaki ambao haujafika?"

Mansik alikuwa ameketi juu ya ubao kando ya mlango wa mgodi, kopo la maji mkononi. Nyusi zake zilikuwa zimeungua, na uso wake bila nyusi ulikuwa kama wa mtoto mchanga. Alipomwona alitaka kusimama, miguu ikakataa.

"Shemeji. Umekuja kufanya nini huku?"

"Kukuuliza. Umefika wapi?"

"Njia panda. Mbele ya hapo huwezi. Nguzo zinaanguka zikiwaka, na miamba inafuata."

"Umesikia chochote?"

Mansik alizungusha kopo mkononi. "Moto una kelele nyingi, shemeji. Ukitaka kusikia mtu, unasikia mtu."

"Wewe ulisikia?"

"Mimi nimesikia kila nilichotaka kusikia."

"Ukirudi tena utamfikia?"

"Sitamfikia."

"Na utarudi?"

"Mkisema bado, nitarudi."

"Sema wewe basi kwamba inatosha. Wewe ndiye umefika huko, wewe ndiye umeona."

Alitikisa kichwa. "Nikisema mimi, nitakuwa nimemzika kaka yangu kwa mdomo wangu. Nitaishije?"

"Kwa hiyo unataka niseme mimi."

 Wazee waliokuwa na matofali wakageuza nyuso zao upande mwingine. "Ndiyo, shemeji," alisema mwishowe. "Nisamehe. Nataka useme wewe."

Okbun aliona basi jinsi mambo yalivyokuwa. Mji mzima ulikuwa umesimama nyuma yake kama foleni, kila mmoja akimngoja amtolee neno ambalo mwenyewe hakuweza kulitamka. Hakumchukia Mansik. Kumchukia kungehitaji nguvu ambazo hakuwa nazo.

Aliingia ndani ya mgodi. Hakuna aliyemzuia. Alitembea mpaka pale mwanga wa mchana ulipokuwa karibu kuisha, akasimama baina ya reli. Alikuwa ametegemea joto limpige usoni, lakini kilichomshangaza ni upepo. Upepo ulikuwa ukitoka nyuma yake, baridi, ukiingia ndani, ukiivuta sketi yake kuelekea gizani. Moto ulikuwa ukivuta pumzi.

"Baba Sunim," aliita. Hakupiga kelele. Aliita vile alivyokuwa akimwita chakula kikiwa tayari. "Ni mimi. Wote tuko hapa nje. Mansik yuko, mama yuko. Sunim hajambo." Alingoja. "Wanataka kufunga. Ukinisikia, fanya chochote. Gonga reli. Nitawaambia wangoje, hata wakinipiga mawe nitawaambia wangoje."

Alipiga magoti, akaweka sikio juu ya reli. Chuma kilikuwa baridi, na ndani yake mlikuwa na mvumo, mnene, usio na mwanzo wala mwisho. Alisikiliza mpaka sikio likafa ganzi. Mara moja tu alidhani amesikia kitu. Alishika pumzi asikie tena, na hakusikia, kisha akakumbuka maneno ya Mansik na hakujua tena kama alikuwa amesikia.

Alipotoka, Bwana Namgung alikuwa amesimama mlangoni, kofia mikononi. Okbun alimpita. Akiwa ameshampa mgongo alisema, "Fungeni."

"Mama Sunim, pole sa..."

"Usinipe pole. Fungeni, basi."

Ukuta ulijengwa kabla ya jua kutua, matofali safu mbili na udongo wa mfinyanzi katikati. Mansik alikuwa miongoni mwa waliojenga. Kesho yake moshi ulipungua, na kesho kutwa theluji ikaanguka juu ya Meokgol ikabaki nyeupe, jambo ambalo watoto wengi wa bonde lile hawakuwa wamewahi kuliona.

Watu wakaanza kumshukuru. Hawakusema kwa maneno. Alifungua mlango asubuhi akakuta tofu ya soya imefunikwa kwa kitambaa, au samaki wakavu wamefungwa kwa kamba, au mkaa wa jiko uliopangwa vizuri. Mara ya kwanza aliitupa tofu ile mtaroni. Mama mkwe alitoka, akaiokota, akaiosha, akaipika. "Mtoto ale," alisema.

Baridi nzima waliishi hivyo, wanawake wawili na mtoto katika chumba kimoja, wakizungumza habari za chumvi na kuni. Kampuni ilimpa Okbun kazi katika kibanda cha kuchambua makaa, walikofanya kazi wajane. Alisimama mbele ya mkanda unaotembea, akitoa mawe na kuacha makaa, na wajane wenzake walimpokea bila maswali. Mama mkwe alikataa kumfanyia mwanawe tambiko. "Maiti sijaiona," alisema. "Nitamwekea wali nani?"

Ukuta ulibomolewa majira ya kuchipua, moto ulipokwisha kufa kabisa. Mansik aliingia na waliokwenda kuwatoa. Okbun alimkuta jioni kijitoni chini ya mgodi, ameingia ndani ya maji meusi na nguo zake zote, akijisugua mikono.

"Mmewapata."

"Tumewapata. Wote."

"Wapi?"

"Pale pale kwenye kazi." Hakugeuka. "Ilikuwa ghafla. Hawakujua kitu."

"Mansik. Nitazame."

Aligeuka. Nyusi zake zilikuwa zimeota tena, lakini hazikuwa sawa. Alimtazama shemeji yake kwa muda kisha mabega yakamwanguka.

"Hawakuwa kwenye kazi," alisema. "Walikuwa mbali, juu kabisa, kwenye uchochoro wa zamani. Walivunja mbao wakaziba njia, wakavua mashati wakashindilia kwenye nyufa moshi usipite. Walikaa safu moja, bega kwa bega. Taa zote zimezimwa isipokuwa moja. Walikuwa wanabana matumizi ya taa, shemeji. Wametungoja."

"Muda gani?"

"Hakuna anayejua. Daktari mwenyewe hajui. Labda saa chache. Labda usiku mmoja."

"Labda mpaka tulipofunga."

Maji yalikuwa yakimpita magotini. "Labda," alisema Mansik.

Okbun aliketi juu ya jiwe. Hakulia, mwili wake ulikuwa kama umesahau jinsi ya kulia. Baadaye alimwambia Mansik atoke kwenye maji kabla hajaugua, naye akatoka, wakapanda pamoja mpaka dukani, Mansik akabaki huko.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Mansik yuko wapi?"

"Amepitia dukani. Mama, wamempata."

"Wapi?"

"Pale pale kazini," Okbun alisema. "Ilikuwa ghafla. Hakujua kitu."

Bibi alimtazama usoni kama mtu anayetazama kisima kuona kama kina maji. "Mansik ndiye aliyesema?"

"Ndiye."

"Basi." Alishika mwimo wa mlango, akataka kukaa kizingitini, akakosea, akaanguka chini. Okbun akamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani.

Baada ya maziko ilibidi waamue siku ya tambiko. Tambiko la kila mwaka hufanywa siku aliyokufa mtu, na siku hiyo ikikosewa marehemu huja akakuta meza tupu. Mama mkwe aliuliza, na Okbun akajibu haraka: "Siku ya moto." Ikawa hivyo. Kila mwaka siku ile walipika wali mweupe, supu ya figili na nyama, samaki aliyekaangwa kwa mayai. Mansik alikuwa ameshaondoka wakati huo, amepata kazi kwenye kiwanda cha meli pwani ya kusini. Alikuja siku ya tambiko, akainama mbele ya picha ya kaka yake, akanywa mpaka hakuweza kusimama, akarudi na treni ya asubuhi.

Mwaka wa kwanza, siku mbili baada ya tambiko, Okbun alirudi kutoka kibandani akiwa na nia ya kupika wali kidogo kwa siri na kuuweka nyuma ya jiko, kwa ajili ya siku ile ya ukuta. Alipofungua mlango wa jikoni alikuta sufuria tayari iko motoni. Mama mkwe alikuwa amekaa kando yake, akipuliza moto.

"Umepika wali, mama," Okbun alisema.

"Nimepika."

"Wa nini leo?"

"Upo tu. Kama kuna anayeuhitaji." Bibi alisimama kwa taabu, akajifuta mikono. Mlangoni alisimama kidogo, mgongo ukiwa umemwelekea Okbun. "Mansik akilewa husema sana," alisema, akatoka.

Hawakulizungumza tena. Waliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Mgodi ukafungwa, kama migodi yote ilivyofungwa katika milima ile, na malori yakawa yanapakia vyombo kila Jumapili. Mama Pilgu aliondoka na mumewe, ambaye mapafu yake hayakupona kamwe, na siku ya kuagana alimshika Okbun mikono yote miwili. Nyumba za safu zikaanza kubomolewa kutoka mwisho. Bibi akafa kitandani mwake, mzee sana, na wali wake wa siku ile Okbun akaendelea kuupika mwenyewe.

Mwaka mmoja Sunim, mtu mzima sasa mwenye watoto, alikuja kwa tambiko akakaa siku chache zaidi ya kawaida yake. Alimkuta mama yake jikoni na bakuli la pili la wali.

"Mama, si tulishafanya juzi?"

"Tulifanya."

"Na hii?"

"Na hii ni ya baba yako."

Sunim aliegemea mlango. "Sasa alikufa siku gani?"

Okbun alisawazisha wali kwa mgongo wa kijiko, polepole, mpaka ukawa laini pande zote.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Nishikie hiyo sahani."